Mara Tatu kwenye Pipa la Mchanga

Vijana wa ghala la silaha, assalamu alaykum.

Wiki mbili baada ya mimi kustaafu na kukabidhi ufunguo wa ghala, mmoja wenu, ambaye jina lake namsitiria, aliniandikia kwenye simu: "Mzee Hamad, eti kupiga bunduki tupu kunaiharibu? Huku tumebishana tangu asubuhi." Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Micheweni namenya muhogo. Nikafuta vidole, nikamjibu, "Inategemea." Akanirudishia kile kisura cha kucheka mpaka machozi. Basi jibu refu ndilo hili. Ya vyeo na mishahara siyagusi. Vyeo vilikuja polepole, mishahara ilikwenda haraka, na hayo kila mmoja wenu atajionea mwenyewe.

Mimi niliingia kikosini nikitokea kwenye cherehani. Baba yangu mdogo alikuwa fundi nguo, na cherehani zake zilipogoma mimi ndiye niliyezifungua na kuzisafisha. Siku tuliyopokewa Chake Chake, afisa aliuliza nani kati yetu anaweza kufungua skrubu bila kuila kichwa. Nikanyosha mkono. Wenzangu wakapelekwa juani kwenye gwaride, na mimi nikapelekwa kwenye chumba chenye dirisha moja la nondo, meza moja ndefu, na Mzee Nassor.

Mzee Nassor ndiye aliyekuwa fundi wa silaha. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa na haraka na jambo lolote isipokuwa sala. Familia yao ilikuwa ya Kiarabu, zamani wenye mashamba ya karafuu, na hilo yeye mwenyewe aliligeuza mzaha. "Babu yangu aliacha mikarafuu mpaka macho yachoke," alikuwa akisema, "na mie nimebaki na bisibisi nne." Lakini bisibisi hizo nne hakuna aliyezigusa bila kunawa mikono kwanza.

Wiki yangu ya kwanza nilimtia aibu. Mafuta ya bunduki yalikuwa yamekwisha, na mimi kwa kutafuta sifa nikaleta chupa ya mafuta ya nazi kutoka nyumbani. Nikazipaka bunduki tano, zikang'ara vizuri sana. Siku chache baadaye mafuta yalikuwa yamegandamana, bolti haziendi mbele wala hazirudi nyuma, na sisimizi wamehamia kwenye mitutu na jamaa zao. Mzee Nassor aliziangalia moja moja, kisha akaniangalia mimi.

"Hamad, mwanangu," akasema, "hizi wataka tuzipakulie na wali?"

Tulizisafisha kwa mafuta ya taa siku tatu, mimi na yeye, bega kwa bega. Afisa hakuambiwa kitu. Nilimshukuru wakati ule kwa kuninusuru, na leo namshukuru zaidi, kwa sababu sasa najua ni kazi gani kukaa siku tatu na mjinga bila kumtukana.

Sasa niwaeleze pipa, ingawa nyinyi mnalijua, kwa ajili ya watoto wenu watakaosoma haya. Kila askari anapopokea au kurudisha bunduki husimama mbele ya pipa lililojaa mchanga. Hutoa risasi, humfungulia mwenzake chemba, pale inapokaa risasi, aione na aitie kidole, kisha huelekeza mtutu kwenye mchanga, husema Bismillahi na kuvuta triga. Bunduki hulia ta. Mwenzake hujibu, "Tupu." Hapo ndipo inapoingia ghalani au kwenda kwa mtu wa zamu mpya. Ni desturi nzuri na imeokoa watu, msije mkaiacha kwa sababu ya hadithi yangu.

Nilipokuwa na miezi kama minne nikamuuliza Mzee Nassor swali lile lile mnalobishania. "Mzee, huku kuvuta kila siku bila risasi hakuziumizi bunduki?"

"Bunduki ipi?"

"Bunduki tu."

"Hapana bunduki iitwayo bunduki tu. Kaa hapo."

Akaweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa moja ya bunduki zetu za zamu, hizi kubwa za kawaida. Akaitoa pini yake, ile sindano ya chuma inayorushwa na springi kwenda kuigonga risasi, akanionesha bega lake nene na mahali inaposimama. "Hii vuta utakavyo. Kitachoka kidole chako kwanza." Ya pili ilikuwa ile ndogo ya kuulia kunguru. Risasi yake hugongwa ukingoni, si katikati, kwa hivyo chemba ikiwa tupu pini hukosa pa kufikia, huenda ikagonga chuma cha chemba yenyewe. Akanishika kidole, akaupitisha ukucha wangu kwenye mdomo wa chemba. Palikuwa na kipengo kidogo, kama cha kisu kilichokatia mfupa. "Huo ujinga wa ntu mmoja," akasema. "Kakaa anachezea, ta, ta, ta, na siku hizi risasi yang'ang'ania humo haitoki."

Ya tatu ilikuwa bunduki ya marisau, zile punje ndogo ndogo za risasi, yenye mitutu miwili, kongwe kuliko mimi na yeye. Tuliipata kwa familia moja ya Wawi. Babu yao alikuwa akifukuzia tumbili shambani, na alipofariki wakaisalimisha. Ilikuwa ikitumika kwenye lindo letu la Wawi, kwenye ghala la mazao, kwa kuwa marisau hayaendi mbali na pale pana nyumba za watu.

"Hii usiivute tupu," Mzee Nassor akasema. "Chuma cha pini zake kikavu, hukatika kama kopa la muhogo. Risasi ikiwamo, pini yaangukia kwenye fataki, hiki kidude cha kitakoni mwa risasi, ni laini, yatulia. Isiwemo, yagonga ukuta. Leo haivunjiki. Kesho haivunjiki. Itachagua siku yake yenyewe."

Na kwa kuwa desturi ya pipa haikuruhusiwa kuachwa, alitengeneza dawa yake. Alichukua maganda mawili ya risasi zilizokwisha kupigwa, akazitoa fataki zake, matundu akayaziba kwa raba aliyoikata kwenye kisigino cha kandambili. Kisha akayapaka maganda yote mawili rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, Bi Rukia, asije mtu akayadhania risasi. Pale Wawi askari alitia bandia hizi mbili ndani ya bunduki ndipo akavuta, na pini zikaangukia kwenye raba. Bi Rukia aliitafuta chupa yake ya rangi muda mrefu. Sikuwahi kumwambia, na nadhani sasa nimemwambia.

Mzee Nassor akastaafu, meza ikawa yangu. Miezi ya mwanzo nilifuata kila alichoniachia, pamoja na bandia za Wawi. Siku moja afisa wa ukaguzi akazikuta pale lindoni juu ya kiti, akataka kujua nani kawapa askari risasi za rangi. Jambo la kumweleza lilikuwa la dakika mbili. Sikumweleza. Nilizichukua nikazitia kwenye mtoto wa meza, na moyoni nikasema yule mzee alikuwa na wasiwasi wa kizee, mbona bunduki zote zinavutwa tupu na hazina neno. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii.

Jambo la pili lilikuwa mdomo wangu. Nilikuwa nafundisha askari wapya utaratibu wa pipa, na mmoja akauliza kama kuvuta mara moja kunatosha. Nikamjibu kama anayefundisha udhu: "Moja faradhi, tatu sunna." Darasa zima likacheka, na mimi nikafurahi, maana fundi hachekewi mara nyingi; tangu hapo nikalirudia kwa kila darasa jipya, na kila darasa likacheka. Sasa nyinyi mnatujua Wapemba. Ukituambia jambo ni sunna, nani atakubali kuonekana anaiacha mbele ya wenziwe? Baada ya miezi michache kila lindo lilikuwa likivuta mara tatu. Na ile ya Wawi ina mitutu miwili, kila mmoja na triga yake, kwa hivyo ilikuwa ikikunjwa kiunoni ili ikokwe, na kufungwa na kuvutwa, tatu kulia, tatu kushoto, kwa anayetoka na kwa anayeingia. Nilikuwa nikipita pale nikisikia ta-ta, ta-ta, ta-ta, na nikiona fahari. Nilisema, angalia vijana wangu walivyo na nidhamu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulichukua miaka kutumbuka.

Kila nilipokagua, bunduki ile nilikuwa naifuta, naipaka mafuta, naangalia mitutu, kisha navuta nisikie. Ta. Salama. Sikufikiri kwamba nyundo ya ndani, ile inayoipiga pini, hulia ta hata pini iliyo mbele yake ikiwa imekatika. Mlio ule ulinidanganya mwaka baada ya mwaka, na mimi ndiye niliyekuwa nauomba unidanganye.

Mbarouk alikuwa askari wa Mkoani, mwana wa mchukuzi wa bandarini, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza kwenye kitabu cha zamu. Alikuwa bado kwenye majaribio, hajathibitishwa kazini, na ameoa mwaka ule. Asubuhi moja alikuwa kwenye lindo la Wawi watoto wa skuli walipokuwa wakitoka mapumziko. Mbwa mwenye kichaa akatokea upande wa migomba, povu linamtoka, akawaelekea watoto. Mbarouk akatoka langoni akasimama baina yao. Akangoja mbwa asogee mpaka afikiwe na marisau, kama tulivyomfunza, akavuta kulia. Ta. Akavuta kushoto. Ta. Mbwa akamrukia akamng'ata mkono wa kulia, na yeye akampiga kwa kitako cha bunduki mpaka akamwua. Hapana mtoto aliyepata hata mkwaruzo.

Mkono ulisafishwa hospitali, akaanza kudungwa sindano za kichaa cha mbwa. Ungedhani mtu kama huyo atapewa mkono wa shukrani. Akapewa mashtaka. Kwanza wakubwa walisema alisahau kutia risasi kwa hofu. Risasi zikakutwa zimo ndani, zote mbili. Basi wakasema kaiharibu bunduki kwa kuichezea, na askari watatu wa lindo lile wakatoa ushahidi kwamba walimsikia mara nyingi akivuta triga zaidi ya mara moja. Ni kweli alikuwa akivuta mara tatu. Na wao pia, lakini hilo hawakuulizwa. Mtu aliye kwenye majaribio hafukuzwi kwa kesi ndefu, karatasi moja inatosha.

Bunduki ililetwa kwangu niifungue. Pini ya kulia ilikuwa imekatika ncha, na ncha yenyewe ilikuwa bado imo ndani, imekaa kwa utulivu. Ya kushoto ilikuwa imebondeka na kufupika, na risasi yake ilikuwa na alama ndogo kama iliyoparwa na ukucha. Nilijua palepale. Nilifungua mtoto wa meza, na zile bandia nyekundu zilikuwa humo humo nilipoziweka. Nilikaa kitako sakafuni, mimi mtu mzima, nikaona haya mbele ya bunduki.

Lakini kuona haya si kusema kweli. Nilikuwa na watoto wanasoma, na jina la fundi asiyekosea, na jina hilo nilikuwa nalipenda kuliko ilivyofaa. Nikaandika ripoti: "Pini zimeharibika kutokana na ukongwe wa silaha na kupigwa tupu kupita kiasi." Kila neno lilikuwa kweli. Yote kwa pamoja yalikuwa uongo, na yangemfukuza Mbarouk. Nikaikunja karatasi mfukoni na, kabla ya kuipeleka, nikapita nyumbani kwa Mzee Nassor. Nafikiri nilitaka aniambie imeandikwa vizuri.

Aliisoma karibu na dirisha, kwa muda mrefu kuliko urefu wa karatasi yenyewe.

"Kupita kiasi," akasema. "Kiasi hicho kaweka nani?"

Nilitoa mfukoni zile pini zilizofungwa kwenye leso, nikamweleza yote, mpaka ya faradhi na sunna. Hapo nilimwona anataka kucheka na anajizuia.

"Mzee, hunigombezi?"

"Nkugombeze nini na ushakuja? Ungekuwa huna haya ungeipeleka karatasi, hungepita huku. Hebu kunywa chai. Pini haina mdomo, Hamad. Weye unao."

Nikanywa chai. Bi Rukia akaniongeza mkate wa kumimina.

Baraza la uchunguzi lilikaa Chake Chake, maafisa watatu, na mwenyekiti alikuwa Afande Zuwena, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akiwachosha wote wenye maneno mengi. Bunduki ilikuwa mezani. Mbarouk alikuwa ameshahojiwa siku ya nyuma, na siku ile aliwekwa nje kwenye benchi.

"Fundi," Afande Zuwena akasema, "nataka jibu moja. Kupiga bunduki tupu kunaiharibu au hakuiharibu?"

"Bunduki ipi, Afande?"

"Hii."

"Hii, kunaiharibu. Na nilikuwa nalijua hilo kabla Mbarouk hajaingia kazini."

Nikaifungua leso nikaziweka pini mbele yake, na kando yake nikaziweka bandia nyekundu. Nikasema nani alizitengeneza, nani alizitoa lindoni, na kwa nini. Nikasema askari wote wa Wawi wanavuta mara tatu kwa sababu mimi nilitamka hivyo darasani kwa kutaka kuchekesha. Nikasema kwamba kwa ukaguzi wangu bunduki ile haikuwa na kasoro, na mtu alisimama nayo mbele ya mbwa kwa kuniamini mimi. Ripoti ya kwanza nilikuwa nimeichana, nikawapa ya pili, fupi zaidi.

Afande Zuwena alivua miwani, akaniangalia. Kisha akafungua jalada, akatoa karatasi akanisogezea. Yalikuwa maelezo ya Mbarouk ya siku ya nyuma, kwa mwandiko ule ule wa kitabu cha zamu, ila umepinda kidogo, kwa kuwa aliandika kwa mkono wa kushoto. Aliulizwa nani alimfundisha kuvuta mara tatu. Aliandika: "Sikumbuki." Akaulizwa tena, na akaonywa kwamba asipomtaja mtu kosa litakuwa lake peke yake. Akaandika: "Nimefahamu. Sikumbuki."

Ningeiona karatasi ile kabla ya kusema, sijui ningefanya nini. Napenda kudhani ningesema vilevile, lakini sina hakika, na ndiyo maana namshukuru Mungu kwamba ilikuja baadaye.

Barua ya onyo niliipata na ninayo mpaka leo. Mbarouk alithibitishwa kazini, na bandia zikawa za lazima kwa kila bunduki kongwe, kwa maandishi safari hii. Ndiyo hizo mnazozinung'unikia. Mara moja tu kwenye pipa, vijana. Na msivute mkaridhika na mlio: pini itoeni, ishikeni, iangalieni ncha.

Lakini hayo yote yalikuja baada ya wiki. Siku ile nilitoka chumbani nikamkuta Mbarouk bado yupo kwenye benchi, mkono una bendeji, ameuweka juu ya goti. Hakuwa anajua nimesema nini huko ndani. Aliponiona akasimama kunipisha nikae, yeye mgonjwa, mimi mzima.

Nikakaa.

"Mbarouk, nimeona ulichoandika. Umesahau vipi jambo kama lile, na darasa zima lilicheka?"

Aliangalia chini kidogo, kisha akasema, kwa adabu yake ile ile, "Uliyonfunza mengi, Mzee. Yote sitoweza kuyakumbuka."